Mwaka Niliovuka Daraja la Edina

Tulimzika shangazi Makambako siku ya upepo, na asiyeujua upepo wa Makambako simlaumu akidhani natia chumvi. Mchungaji alisoma huku kashika kofia kwa mkono mmoja na kitabu kwa mkono mwingine, kanga za akina mama zinapepea, vumbi linatuingia machoni hadi ikawa vigumu kujua nani analia na nani amepigwa mchanga. Mimi niliyekuwa mfiwa wa karibu, niliyepaswa kuangalia jeneza, nilikuwa namwangalia Edina. Alisimama upande wa pili wa kaburi amevaa sweta la kijani alilolifuma mwenyewe. Najua alilifuma mwenyewe, kwa sababu Edina hawezi kununua kitu anachoweza kukihangaikia kwa miezi mitatu. Hakuwa amezeeka. Wazo langu la kwanza, Mungu anisamehe, halikuwa kwamba shangazi hatunaye tena. Lilikuwa: huyu mwanamke anakula nini? Nalisema hapa bila kuficha kwa kuwa aliyekuwa akinikemea kwa mawazo ya namna hiyo ndiyo kwanza tumemfukia.

Baada ya mazishi tulikula ugali na nyama uani, na nyuma yangu wanawake wawili walikuwa wanamzungumzia yeye, si marehemu. Mmoja alisema ndiye yule mke wa Egino wa Njombe, mwenye parachichi, alizipanda watu wakimcheka kwamba atakufa kabla hazijazaa, sasa gari linakuja kuchukua mlangoni. Mwenzake akasema na mtoto wao yuko sekondari, ana adabu hiyo, usiseme. Nikasogeza sahani pembeni. Edina mwenyewe akaja, akapiga magoti kidogo kama tunavyofanya, akanishika mikono yote miwili. "Kamwene, Lusu," akanisalimu kwa kikwetu, na hakuna mtu mwingine duniani anayeniita Lusu. Akanitaka nisirudi Dodoma moja kwa moja, nipande naye hadi Njombe nipumzike siku mbili. Nikakubali haraka kuliko nilivyotaka. Kwenye mkoba wangu, ndani ya kitambaa cha pua, kulikuwa na kitu chake nilichokaa nacho zaidi ya miaka ishirini, nikakihamisha nyumba hadi nyumba, na safari hiyo nilikuwa nimeapa kumrudishia.

Kabla ya kuondoka niliingia chumba cha mbele cha nyumba ya shangazi. Siku hizi kimewekwa mifuko ya mbolea na baiskeli isiyo na tairi, lakini ukutani bado yapo matundu manne ya misumari iliyoshikilia ubao wa televisheni. Nilisimama pale nikanusa. Harufu ya mkaa ilishatoka zamani, ila mimi niliisikia.

Habari za wazazi wangu na namna nilivyofika pale naziacha, si za sura hii. Itoshe kwamba nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yangu hayakuwa ya kuonyesha watu, na shangazi alinichukua nimsaidie kibanda chake cha chipsi. Mume wake alikuwa dereva wa lori la masafa, na safari moja akarudi kutoka Tunduma na televisheni ndogo na mashine ya gemu, vyote vimetumika, vimefungwa ndani ya blanketi. Shangazi alikitazama kile kitu siku mbili, siku ya tatu akakiweka chumba cha mbele, akatundika pazia la kanga mlangoni, na Makambako ikapata banda la gemu. Kulikuwa na benchi moja la mbao za msindano ambazo zilikuwa bado zinatoa utomvu, ukikaa vibaya unaondoka nao kwenye sketi. Mbele ya benchi shangazi aliweka jiko la mkaa, maana mwezi wa sita na wa saba pedi za kuchezea zilikuwa baridi kama chuma cha reli, na mtu hawezi kufunga goli na vidole vilivyokufa ganzi. Ukuta wa nyuma ulipakana na mashine ya kusaga ya umeme aliyoiendesha kijana mmoja aitwaye Egino. Iliunguruma asubuhi hadi jioni, hadi tulizoea kuzungumza kwa sauti ya juu, na ikinyamaza ghafla hatukuhitaji taa ituambie kwamba umeme umekatika.

Edina alikuwa binti wa nyumba ya pili, rika langu, naye kamaliza shule, anasubiri chuo. Alikuja kumenya viazi vya chipsi asubuhi, na malipo aliyoyaomba yalimshangaza shangazi: hakutaka hela, alitaka saa mbili za gemu kila siku mchana, wakati wateja wako shule au kazini. Na gemu aliyoitaka ndiyo hiyo ambayo wengine wote tuliiweka pembeni. Sisi tulicheza mpira. Mpira ndio gemu, nilisema hivyo wakati ule na mpaka leo nasema. Unakaa, unapiga dakika kumi, mmoja anafungwa, anachekwa, anampisha mwingine, anatoka kwenda kununua muhogo. Nilikuwa nawafunga wavulana mara moja moja, si sana, na siku nikifunga nilicheka hadi mashine ya Egino ikawa haisikiki. Sikujifunza mbinu. Sikujua hata vifungo vyote vya pedi vinafanya nini. Raha yangu ilikuwa kutojua, nibonyeze kitu na jambo litokee.

Gemu ya Edina ilikuwa na kijana mmoja mwenye panga. Kijijini kwao moto umezimika kwenye mafiga yote, watu wanaganda, na yeye anatumwa akalete kaa la moto kwa mfalme anayekaa ng'ambo ya daraja. Hapo mwanzo gemu inakuuliza jina lake, unaliandika herufi kwa herufi. Aliandika EDINA. Hadi hapo hadithi ni nzuri, sina ubaya nayo. Shida ni kwamba kijana akivuka daraja akiwa hana nguvu, walinzi wa mfalme wanammaliza kwa pigo moja. Basi inabidi azunguke msituni kuua wanyama wadogo wanaotoka ardhini, ambao sisi tuliwaita fuko kwa kuwa walifanana na wale wanaokula viazi shambani. Fuko mmoja anakupa nguvu kiduchu. Ukiua fuko mia unapanda levo moja. Halafu levo inayofuata inataka fuko wengi zaidi. Edina aliua fuko mwezi wa pili, akaua fuko mwezi wa tatu, Pasaka ikapita anaua fuko. Kila jioni aliiweka kazi yake kwenye kadi ndogo ya kijivu inayochomekwa kwenye mashine, ile inayokumbuka ulipofika, akaifunga kwenye kitambaa na kuiweka kwenye kopo la vifungo vya shangazi. Na maneno ya gemu yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo alinunua daftari, kila neno asilolijua analiandika kwa wino wa bluu, anakwenda kulitafuta kwenye kamusi ya mwalimu mmoja, anarudi na maana yake.

Nilimwambia hiyo si gemu, hiyo ni kibarua. Kama ni kulima, shamba la baba yake si lipo? Akanijibu bila kutoa macho kwenye kioo kwamba shambani mvua inaweza isije, ila huku fuko akifa anakufa na nguvu inaongezeka, hakuna mtu wa kukudhulumu. 

Kilichonichoma hasa ni kwamba watu walianza kumtazama. Nilitegemea wamcheke. Badala yake walikaa kwenye benchi, mikono juu ya jiko, wakamwangalia anavyoua fuko kama mtu anavyomwangalia bibi anayesuka ungo, hawaondoki, hawasemi kitu, wamepoa. Wavulana wa mpira walisubiri zamu zao huku wakimhesabia. Shangazi alipita na sufuria akasema yule mtoto ana mikono ya kazi, yule hata akipewa jiwe atalipika likaiva. Mimi, mtoto wa kaka yake, nilikuwa nimesimama hapo hapo na kisu cha viazi mkononi. Na Egino. Egino alikuwa mwembamba, mrefu, daima mweupe kwa unga hadi kwenye kope, na mashine ikiwa haina foleni alikuja akasimama mlangoni na hindi la kuchoma amelikata vipande viwili. Nilimfunga mtu magoli matatu siku moja mbele yake, nikageuka kuona kama ameona. Alikuwa anamuuliza Edina kimebaki kiasi gani levo ipande. Kipande cha pili cha hindi hakikuwa changu siku hiyo wala siku nyingine.

Mpaka leo nina msimamo wangu kuhusu mambo haya, na hakuna atakayenitoa. Nacheza gemu za simu kwenye foleni ya benki na kwenye kiti cha kusukia nywele. Siku hizi wamezijaza ile kazi ya Edina: ukate miti kila siku, uchote maji kila siku, usipofungua jana leo unanyang'anywa zawadi. Huo mchezo au ajira? Ikifika hapo naifuta, naweka nyingine. Mtu akiniambia raha yenyewe inakuja ukishateseka miezi sita, namuuliza kwa nini isije leo. Lakini nikiwa peke yangu najua kwamba nilichokifuta si gemu tu. Nilianza ushonaji nikaacha. Nilianza stashahada, nikaanza kuku, nikaanza kufuma sweta moja ambalo hadi leo lina mkono mmoja. Kila kitu kilinipa raha wiki mbili za mwanzo. Halafu nakutana na mtu wa aina ya Edina, naanza kumtafutia kasoro, kwa sababu yeye hayuko kwenye mateso kama ninavyowaambia watu. Anafurahia. Anafurahia sehemu ile ile ambayo mimi nalala usingizi. Ningeweza kumsamehe mafanikio. Hiyo raha yake ndiyo ilinishinda.

Mwezi wa kumi bibi yake wa Lupembe akavunjika mguu. Chai ilikuwa imechipua, jani lililochumwa lisipowahi lori linaharibika, na hakukuwa na mwingine wa kuchuma. Edina akatakiwa aende wiki tatu. Kijana wake alikuwa amebakiza kidogo sana kabla ya kuvuka daraja, naye alishatangaza kwamba atavuka Krismasi, watu wote wa banda wakiwepo, shangazi amekubali kupika pilau. Siku ya kuondoka alifanya jambo ambalo nadhani lingeweza kufanyika huku kwetu tu. Huku mtu akiuguliwa au akiwa msibani, majirani wanaingia shambani kwake wanampalilia, ili akirudi asikute magugu, na hakuna anayeandika nani kalima matuta mangapi. Edina akasimama mbele ya benchi, mfuko wa safari mkononi, akaomba tumlimie. Kila mmoja akikaa kucheza, amkatie nusu saa, aue fuko msituni, aiweke kazi kwenye kadi. Hakuna aliyecheka. Wavulana waliojaa kwenye benchi wakaitikia kwa sauti moja kama wameombwa jembe. Akamalizia kwa kuniangalia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nalala nyumba ile na kopo la vifungo lilikuwa kwangu. "Ila mtu asivuke daraja," akasema. "Daraja nitavuka mwenyewe."

Wakamlimia kweli. Wavulana ambao hawakuwahi kuwa na subira ya kusubiri chipsi ziive walikaa wanaua fuko wa Edina, wanagombana kwamba fulani kaua wachache. Mimi zamu yangu niliikwepa kwa sababu hii na ile. Nilijiambia akiwa hayupo nitapumua, kumbe alikuwepo zaidi kuliko alipokuwa akikaa pale.

Wiki ya tatu kulikuwa na fainali ya mbuzi uwanjani, mtaa wa juu na mtaa wa chini, mbuzi mwenyewe amefungwa kwenye goli tangu asubuhi. Makambako yote ilikwenda. Shangazi alipeleka chipsi za kuuza kule, akaniacha nilinde nyumba. Mashine ya kusaga tu ndiyo iliyobaki inanguruma nyuma ya ukuta, maana tajiri aliyemwajiri Egino hakuwa mtu wa mpira. Nilikaa kwenye benchi peke yangu. Nikasema basi, leo nitamlimia, asije akasema. Nikaua fuko kumi. Nikaua wengine kumi. Nikapiga miayo. Kijana alikuwa na nguvu hadi fuko walikuwa wanakufa kwa kuguswa tu, na barabara ya darajani ilikuwa hapo hapo kulia, haina mlango wala kufuli. Sikuteleza. Sikubonyeza bahati mbaya. Nilimgeuza kulia nikamvusha.

Na nilifurahi, jamani. Nisipolisema hili sura yote hii ni uongo. Walinzi waliokuwa wakitumaliza kwa pigo moja walianguka mbele yangu kama mahindi yaliyooza shina. Nilipiga kelele peke yangu. Mfalme mwenyewe alinichukua kama nusu saa, nikijificha nyuma ya nguzo, moyo unadunda, vidole vimeloa jasho kwenye chumba cha baridi, na alipoanguka nikasimama juu ya benchi. Mwaka mzima sikuwahi kuonja raha ya namna hiyo kwenye gemu, na tangu hapo sijaionja tena, na kila tone lake lilitokana na fuko ambao sikuwaua mimi.

Kisha ukaja mwisho. Nilidhani kutakuwa na sherehe na fataki. Kijana anarudi kijijini na kaa la moto, ni usiku kule kwenye gemu, theluji inaanguka, na gemu haimalizi. Inakuachia pedi. Unatakiwa umpeleke mlango kwa mlango, kila nyumba, na kila kijiji alichopita njiani, unabonyeza, anainama, anawasha mafiga, dirisha linakuwa la njano. Hata mwisho wake ulikuwa kazi. Na kila mlango ukiwashwa anatoka mtu, mzee au mama au mtoto, na chini ya kioo yanatokea maneno ambayo hata mimi niliyaelewa bila daftari: asante, Edina. Mlango wa pili, asante, Edina. Wa tatu. Wa kumi. Niliwasha milango yote ile mimi, vidole vyangu, na wote walitoka nje kumshukuru yeye. Nikaanza kulia kwa hasira. Nilitamani nimwambie walau mtu mmoja kwamba Edina yuko Lupembe anachuma majani, aliyewaletea moto ni mimi hapa.

Dirisha la mwisho lilipowaka, gemu ikauliza swali. Kama nataka safari mpya, kijana aanze upya na taji kichwani, basi yote ya zamani iyaondoe kwenye kadi. Neno lenyewe lilikuwa gumu, ningeweza kusema sikulijua. Lakini daftari lilikuwa juu ya televisheni, nikalishusha, nikapekua. Lilikuwepo, kwa wino wa bluu na mwandiko wake ulionyooka: kufuta. Nikabonyeza ndiyo.

Watu waliporudi kutoka uwanjani wakishangilia, mtaa wa juu wamechukua mbuzi, niliwaambia umeme ulikatika wakati nahifadhi kazi ya Edina na kadi imekufa. Waliniamini. Umeme wetu haukuwa wa kutetewa na mtu. Mmoja alinipa pole, akasema si kosa langu. Kadi niliificha kwenye soksi.

Edina aliteremka kwenye basi siku nne baadaye, vidole vyeusi kwa majani ya chai, amemletea shangazi pakiti ya majani na mimi kanibebea mapera. Nilimpa uongo wangu akiwa bado hajakaa. Nitasema nilichotaka: nilitaka alie. Nilitaka kumwona walau mara moja ana sura kama yangu. Alikaa kwenye benchi, akaweka mikono juu ya jiko. Kisha akauliza kama kuna kadi nyingine. Ilikuwepo, ya wavulana wa mpira. "Basi," akasema, "tuanze upya." Na akaandika jina lake tena, herufi kwa herufi, na fuko wa kwanza alikuwa anamuua kwa mapigo sita.

Kilichofuata kilinimaliza. Kumbe mtu aliyeunguliwa shamba analimiwa zaidi ya mgonjwa. Wavulana walimwachia zamu zao. Shangazi alimwongezea saa. Hata watu wasiojua gemu walipita kuuliza amefikia wapi. Nilimpokonya kazi ya miezi nane nikamwongezea mtaa mzima. Siku ya pili yake alibeba mahindi ya shangazi kwenda kusaga, akarudi na ndoo ya unga kichwani, akaitua taratibu mlangoni, akaniangalia. Aliniangalia kwa muda mrefu, unga umemwangukia kwenye nyusi. Halafu akauliza kama jiko limeshawaka. Nilijibu limewaka, na nilikaa na yale macho miaka yote bila kujua yalitaka nini.

Krismasi tulikula pilau bila daraja. Mwezi wa kwanza umeme uliokuwa umekatika ulirudi kwa kishindo ukaunguza televisheni, safari hiyo kweli, moshi ulitoka. Mume wa shangazi akaiuza ile mashine ya gemu, bila televisheni, huko Tunduma. Edina akaenda chuo, mimi nikaenda Dodoma. Kwenye gemu alikuwa amefika nusu.

Njombe tulifika na ukungu, nyumba za mbele zinaonekana mapaa tu. Nyumba yao ina sebule yenye jiko la mkaa katikati, kama nilivyotegemea, na vitambaa vya kufuma juu ya kila kiti, kama nilivyotegemea pia. Egino ana mvi, hana unga. Alinipokea mkoba akiniita shemeji, akanipa kiti cha karibu na moto, akarudi kwenye redio yake. Mchana tulikula viazi vya kuchemsha na maharage yaliyoungwa kwa nazi, mambo ya kisasa hayo, zamani nazi huku tuliiona kwenye picha. Binti yao alikuwa amerudi likizo, mtoto ananiamkia mama mdogo huku amepiga magoti, na mimi nikamtafutia kasoro nikaikosa. Jioni, viazi vingine vikiwa jikoni, nilisubiri binti atoke. Nilikuwa nimeingiza mkono kwenye mkoba, nimeshashika kitambaa, nimeshasema "Edina, kuna kitu," ndipo akacheka akasema hata yeye ana kitu cha kunionyesha. Akatoa simu mfukoni mwa sweta.

Ilikuwa ile gemu. Binti yake aliitafuta huko mtandaoni akamwekea, ina mwaka sasa. Kijana yule yule mwenye panga, msitu ule ule, fuko wale wale wanatoka ardhini, vyote vidogo chini ya kidole chake. Alikuwa na levo kubwa kuliko ile niliyoifuta. Angeweza kuwa ameshavuka zamani. Nikamuuliza anasubiri nini. Akasema anasubiri Krismasi, ndugu wote wawepo, halafu akafikiri kidogo, akasema hata hivyo hana haraka, akishavuka atakuwa amebaki na nini cha kufanya wakati viazi vinaiva. Alisema hivyo akitabasamu, bila kunisema mimi, na nikajiona kama vile sikuwahi kuondoka kwenye benchi la shangazi.

"Nilimie kidogo," akasema, akaniwekea simu mapajani. "Nikaangalie jikoni." Alipofika mlangoni akageuka, na macho yalikuwa yale ya siku ya ndoo. "Ila usivuke daraja safari hii, Lusu."

Akaenda. Nilisikia sufuria zikigongana. Egino alipunguza sauti ya redio, akatazama mkaa, si mimi. "Siku ile ya fainali ya mbuzi nilisaga kutwa nzima, shemeji," akasema taratibu. "Umeme haukukatika hata dakika. Mpira sikuuona kabisa." Kisha akaongeza sauti, kulikuwa na taarifa ya bei za mbolea.

Walijua. Wamekaa na hilo jambo nyumba moja miaka yote, wakanialika harusini, wakaniachia nimchagulie mtoto jina, na hakuna aliyelitamka, hata kwa shangazi, maana shangazi angenimenya. Ningependa kusema nilijisikia nafuu. Nilimwonea wivu. Hata kunyamaza alinishinda. Nikainuka hadi mlango wa jikoni na kadi mkononi, nikamwambia nisamehe, na kwamba mwisho wa ile gemu, Edina, mwisho wake ni hivi, kwenye kila mlango wana... Akainua mwiko. "Usiniambie," akasema. "Mambo mengine yote nimekuachia. Hilo usiniambie."

Kwa hiyo niliiweka kadi mezani, nikarudi kwenye kiti changu na kwenye simu. Ukungu ulikuwa umefika dirishani. Daraja lilikuwa pale pale kulia, halina mlango wala kufuli, na ng'ambo yake kulikuwa na watu wote wale kwenye nyumba za baridi, wanamsubiri yeye kwa jina, na mtu pekee aliyejua hilo katika nyumba ile ni mimi. Nikamgeuza kijana kushoto. Nikaua fuko mmoja. Ilikuwa inachosha kama zamani, haina raha yoyote, miayo ilinitoka kabla ya fuko wa tano. Niliendelea hadi viazi vikaiva.